Koti Lililoshonwa Mifuko

Mzee Suti hakuwahi kukiheshimu kitu kilichonunuliwa kikiwa tayari. Nguo ya dukani aliiita gunia lenye vifungo. Basi binti yake alipomletea ile saa ya mpira ya kupima mapigo ya moyo, aliishika kwa ncha za vidole kama aliyeokota panya, akauliza mshono wake uko wapi. Akaambiwa haina mshono. Akafyonya. Maisha yake yote alikuwa fundi cherehani, na kitu kisicho na mshono kwake hakikuwa kitu.

Lakini daktari alishasema. Moyo wa mzee ulikuwa unarukaruka, na kabla ya kumwandikia dawa alitaka kuona unavyokwenda anapotembea, si anapokaa hospitalini akijikaza kiume. Dawa isiyo yake ingeweza kummaliza. Kwa hiyo kila asubuhi apande kilima cha tangi la maji na kurudi, saa ipime, ipeleke kwenye simu yake, binti ampelekee daktari.

Saa haikupeleka kitu. Asubuhi baada ya asubuhi, mstari mtupu.

Akaitwa mkwe. Huyu, mzee alimbandika jina la Pindo, maana suruali zake zilifagia sakafu, na mtu asiyejua urefu wa miguu yake mwenyewe atajua nini cha watu? Pindo aliizima saa, akaiwasha. Akaifuta kwenye simu, akaiunganisha upya. Mara kosa ni bluutuu, mara ni chaji. Mwisho akaifunga mkononi mwake mwenyewe, ikahesabu bila shida, naye akavimba kichwa. Kesho yake mstari mtupu tena. Mzee alifurahi, jamani, na moyo wake mbovu vilevile! Akamwambia binti kwamba kama kazi ya mumewe ni kuzima na kuwasha, hata swichi ya ukutani ingemtosha.

Sikio la kufa halisikii dawa. Binti akachoka kusuluhisha, akaja alfajiri kumtazama baba yake akivaa.

Kumbe mzee anaifunga saa juu ya mkono wa shati, palepale alipozoea kufunga kifuko chake cha pini. Fundi gani, aliuliza kwa dharau, anafunga kitu kwenye ngozi kiloe jasho? Na simu? Simu ilibaki juu ya meza ya kukatia vitambaa. Mifuko ya koti lake aliishona midomo siku ileile alipolimaliza, ili koti lisije likalegea. Saa ilikuwa inapima mapigo ya shati, na hata hayo haikuwa na wa kumweleza.

Binti akamwomba aifumue mifuko. Hataki. Basi aishike simu mkononi. Mtu aliyevaa suti habebi vitu kama mchuuzi, alijibu, na kama ni kufa, bora afe koti limekaa sawa.

"Baba," binti akasema polepole, "vazi lisilo na mfuko ni sanda."

Mzee akachukua wembe, akafumua mfuko mmoja, akapandisha mkono wa shati na kuifunga saa kwenye ngozi, huku akinung'unika kwamba aliyekata ule mkanda angefaa kufungwa jela.

Wakapanda pamoja. Katikati ya mwinuko, pale ambapo siku zote husimama akijifanya anapangusa viatu, saa ikatetemeka. Namba zikawa zinapanda kama zinafukuzwa. Mzee akazitazama, na safari hii hakuinamia viatu.

"Hapa ndipo huwa naona giza," akasema.

Hakuwahi kumwambia mtu. Binti akamkalisha kwenye ukingo wa mtaro, akatoa simu mfukoni mwa baba yake, akaangalia. Mstari haukuwa mtupu tena. Ulipanda, ukashuka, ukapanda vibaya. Akamtumia daktari palepale, kisha akairudisha.

Simu ililivuta koti, likakaa upande. Mzee aliliona, na hakulinyoosha.