Vidole vya Pikipiki

Diploma yangu ya ufundi imetundikwa sebuleni mahali ambapo kila mgeni lazima aione, na pikipiki yangu kubwa niliinunua kwa jasho langu. Miaka tisa nilikuwa Afrika Kusini. Nilianza kwa kuosha pikipiki za watu, nikaondoka nikiwa fundi wa kuziandaa kwa mashindano. Nisiposema mwenyewe, nani atanisemea? Niliporudi Arusha hatukuwa wengi tuliojua kurekebisha kidhibiti cha utelezi.

Hayo yote yeyo, mama yangu, hayakumbabaisha. Aliwahi kuangushwa na bodaboda siku ya mvua, akaapa kutopanda tena. Nami nilitaka jambo moja tu: akae nyuma yangu, nimpandishe hadi nyumbani, majirani waone.

"Tairi la nyuma likianza kuteleza," nilimweleza, "kompyuta inapunguza nguvu. Barabarani naweka namba nane, ulinzi wote. Kwenye uwanja wa mbio naweka mbili, tairi liteleze kidogo kwenye kona. Kule ndiko kwenye raha yenyewe."

Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Mimi nikipanda njia yetu yenye tope navua viatu, naing'ang'ania ardhi kwa vidole. Kwa hiyo pikipiki yako ina vidole."

"Ndiyo, yeyo. Vinane."

"Mimi ninavyo kumi, na sikwenda Afrika Kusini."

Jumamosi moja, hata hivyo, akakubali. Asubuhi nilikuwa uwanjani na wenzangu, na sikuona wa kunifikia. Mchana nikamfuata Kimandolu kwa dada yake. Akajifunga kanga juu ya kofia niliyomvalisha, akapanda, akanikumbatia kiunoni kwa nguvu.

Tulivuka mji kama watu waliomo ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Ngarenaro mafundi waliinua vichwa, sauti za nyundo zikabaki nyuma. Kisha tukaanza kupanda, na ukungu ukashuka kutupokea. Mlima Meru haukuonekana. Tuliusikia tu kwa baridi yake. Migomba ilisimama pembeni kama wageni wanaosubiri kukaribishwa. Manyunyu hayakuwa na sauti. Mgongoni nilisikia pumzi za yeyo zikitulia, na mikono yake ikilegea kidogo. Nilijiona nina umri wa miaka mitano, ila safari hii mimi ndiye niliyembeba yeye.

Kwenye kona ambapo malori humwaga udongo mwekundu juu ya lami, nilivuta mafuta. Tairi la nyuma likacheza upande, likarudi. Kitu kidogo, pumzi moja tu. Nikatazama kioo cha kompyuta. Namba mbili. Nilikuwa nimeisahau tangu uwanjani.

Kidole gumba changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Kubonyeza mara sita, na hakuna ambaye angejua.

"Baba," akasema sikioni mwangu, "hapo vilikuwa vidole vingapi?"

Ningeweza kusema vinane.

"Viwili, yeyo. Nimesahau."

"Nishushe."

Nikamshusha. Nikajua nimemkosa, leo na siku zote. Alivua viatu, akavishika mkononi, akatangulia kwenye tope bila kugeuka. Nikabonyeza hadi nane, nikamfuata polepole, tairi likikanyaga alipokanyaga. Taa ndogo ya kidhibiti iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima, na mbele yake visigino vyeupe vya mama yangu vilielea ndani ya ukungu.

Juu, mahali tope linapoisha, alisimama akanisubiri.

"Sasa vingapi?"

"Vinane."

Akainama juu ya kioo, akaisoma namba mwenyewe. Kisha akapanda, viatu bado mkononi, akaweka nyayo zake zenye tope juu ya vyuma vya kukanyagia.

"Na vyangu kumi," akasema. "Twende."