Mhariri wa Mzigo Mwepesi na Godoro la Kibumba

TANGAZO RASMI. Kwa wanachama wote wa kundi la Kilo Saba, walioko Goma, Sake, Minova na popote miguu ilipowafikisha. Kamati ya Uboreshaji, kwa huzuni kubwa na kwa mega chache ilizobakiwa nazo, inawajulisha kwamba Mhariri wetu, baba wa mzigo mwepesi, adui wa sufuria ya pili, mtu aliyetufundisha kukata mpini wa mswaki, ameonekana mchana kweupe kwenye barabara ya taifa akiwa na godoro kichwani. Godoro la watu wawili. Jumapili saa nane atafika mbele ya wanachama, depo ya Mama Asma, Majengo, ajibu swali moja: je, anajuta?

Tangazo liliingia kwenye simu Alhamisi asubuhi, na picha chini yake. Damascène Ntirenganya, Mhariri mwenyewe, alilisoma mara mbili, kisha akainua macho akaliangalia godoro lenyewe. Lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa mawe ya volkano, uani kwake, likichuruzika kama ng'ombe anayekojoa.

"Banasema nini?" akauliza mama yake, Mama Léoncie, aliyekuwa akinywa uji kando ya godoro, mali yake.

"Banataka kunifukuza kwa kundi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya matela yako."

"Basi uwaambie ni yangu, si ya kundi," akasema, akaendelea na uji.

Asiyemjua Damascène atadhani ni jambo dogo. Kumbe mtu huyu alikuwa ameoa wepesi. Mwaka 2002, mlima ulipotapika na lava ikapita katikati ya mji kama ndiyo mwenye mji, alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, muzee Hategekimana, alikuwa na dakika chache za kuchagua cha kuokoa. Akafungua bawaba, akabeba mlango. Mlango mpya wa mbao ngumu ya libuyu, mgongoni, mpaka Gisenyi, familia nzima ikimfuata kwenye kivuli chake. Mpakani askari akamuuliza, "Muzee, na nyumba iko wapi?" Naye akajibu, "Iko nyuma, inakuja." Nyumba haikuja. Waliporudi waliikuta chini ya jiwe jeusi, bado ina joto, na kwa majuma mawili muzee aliuegemeza mlango wake kwenye lile jiwe na kuufunga kwa ufunguo kila jioni, mpaka walipogawiwa hema.

Mwaka 2012, waasi walipoingia mjini, Damascène alikimbia na televisheni. Haikuwa hata yake. Ilikuwa ya jirani, na jirani mwenyewe alikuwa mbele akikimbia mikono mitupu, akigeuka kila mara kumwambia asiigonge.

Kati ya mbio hizo mbili na mbio zilizofuata, alikuwa mpagazi wa mlimani. Pale Kibati alikuwa anapokea mizigo ya wageni wanaopanda kutazama moto, kilo kumi na tano kwa kila mgongo. Wageni wengine walikuwa mabingwa wa wepesi. Mahema yao yalikuwa na uzito wa mkate, vijiko vyao havikuwa na mpini, na gramu walizitaja kwa upole ambao watu wengine huutumia kutaja watoto wao. Walikuwa wepesi sana, wazungu wale, hasa kwa sababu mizigo ilikuwa mgongoni kwa Damascène. Mwanzoni aliwacheka. Halafu akaanza kuwatazama. Halafu akaenda nyumbani akakata mpini wa mswaki wake, na mke wake akaita wachungaji.

Mei 2021 mlima ukarudia. Siku tano baadaye serikali ikatangaza watu watoke, na barabara ya Sake ikajaa magari, mbuzi, makabati na magodoro. Damascène alitembea kati yao na kilo saba mgongoni: maji, unga wa muhogo, shuka la plastiki, karatasi za ukoo, dawa. Alifika Sake jua bado liko juu. Njiani aliona vitu vimetupwa kila upande, na wenye vitu wameketi kando yake, hawawezi kuviacha wala kuvibeba. Mama mmoja alikuwa amekalia sanduku, mtoto mgongoni, analia kwa sauti ndogo. Damascène alimbebea mtoto hadi Sake, mama akifuata. Sanduku lilibaki. Baada ya hapo hakumwona tena yule mama, lakini alimwandikia gazeti.

Ndiyo, gazeti. Kurasa mbili za jinsi ya kukimbia na mzigo mwepesi, zikipigwa picha na kutumwa kwenye simu za kundi aliloliita Kilo Saba, Jumamosi, kila majuma mawili. Na kundi lilikuwa na sheria moja kubwa: kitu hakichapishwi mpaka kimepimwa kwenye mizani ya Mama Asma, muuza maharage wa Majengo, mbele ya watu, kisha kimebebwa kwa miguu hadi Mugunga na kurudi. Ukisema hema lako ni jepesi, lilete. Salamu za asubuhi, sala na matangazo ya sabuni alivifuta vyote. "Mungu alishakusikia," alimwandikia mzee mmoja wa kanisa, "si lazima umupitishe kwa kundi." Wanachama walimtukana, wakabaki, wakafika mia nne.

Mia nne ni idadi inayonukia kwa mbali. Basi akatokea Julien, kijana wa Mabanga mwenye viatu vya ncha kali na cheti cha mafunzo ya majuma mawili, ametumwa na shirika liitwalo Hatua Salama kuliboresha kundi. Kuboresha kulikuwa na nembo, rangi, kamati, na sanduku. Sanduku la bati, buluu, limeandikwa Kifurushi cha Familia. Gazeti likilipendekeza ukurasa wa kwanza, Mhariri angepewa ofisi na mega za mwaka mzima.

Damascène alilichukua sanduku, akaliweka kwenye mizani ya Mama Asma. Tupu, lilivuta kilo tisa.

"Hii ni ya kukimbia ao ya kuzikia?" akauliza.

"Muzee, ni muundo wa kimataifa."

"Batu mia nne batasoma. Bengine batacheka. Lakini kutakuwa mama mumoja ataniamini, atabeba kweli. Sichapishi."

Julien akaunda Kamati ya Uboreshaji. Ilikuwa na watu watatu, wawili wakiwa Julien.

Hayo yalitokea Oktoba 2022, na waasi hawakungoja yaishe. Rutshuru, alikoishi mama yake Damascène, ilianguka. Mama Léoncie akatoroka na lori la viazi hadi Kibumba, kwa dada yake, na Novemba vita ikamfuata Kibumba. Damascène akapanda kwenda kumchukua, na begi lake la kilo saba mgongoni kama askofu na msalaba wake. Alimkuta barabarani, mvua inapiga, amekalia godoro, watu wanapita kushoto na kulia kama maji yanavyopita jiwe.

"Mama, tuache matela."

"Niache?"

"Sheria ni kilo saba."

"Sheria ya nani?"

"Yangu."

"Weye nilikubeba miezi tisa, sikukupima."

Alijaribu hoja zote za toleo la kwanza hadi la thelathini. Alimweleza kwamba godoro hunywa maji, kwamba humziba mtu macho, kwamba shuka la plastiki na majani makavu hutosha. Mama Léoncie alisikiliza yote kwa heshima.

"Nimeacha nyumba," akasema. "Nimeacha shamba. Nimeacha kaburi ya papa yako. Na sasa nilale kwa mawe kama mjusi? Waasi bakitaka matela, banunue yabo. Hii hapana."

Kishindo kikasikika nyuma ya kilima. Mama hakugeuza hata shingo. Damascène akamtazama, akaona kwamba kuna watu wawili tu duniani wenye kichwa kigumu kiasi hicho, na wote wako barabarani pale. Akainama. Akaliinua.

Alitembea kwa muda wa saa saba. Karibu na Kanyaruchinya, Hemedi, mwanachama na dereva wa pikipiki, alimpita akiwa na abiria watatu na mbuzi. Akapunguza mwendo, akainua simu. "Mhariri! Cheka kidogo!" Picha ilifika Goma kabla ya godoro.

Jumamosi, siku moja kabla ya mkutano, Julien alikuja nyumbani. Aliketi kwa ncha ya kiti, akiangalia godoro lisimguse suruali.

"Muzee Damas, miye si adui. Ile picha iko na mvua, sura haionekane muzuri. Sema si weye. Nafuta tangazo, unabaki Mhariri. Weye unachapisha sanduku. Bintu biishe."

Damascène alipiga hesabu. Haikuwa bei mbaya. Ni kusema tu si mimi. Kundi lingebaki, mizani ingebaki, na kosa lingekuwa moja tu, ukurasa mmoja, la bati, buluu. Kisha akamwona moyoni yule mama wa barabara ya Sake, amekaa juu ya sanduku.

"Mutu wa kwa picha ni miye," akasema. "Na ule mwenye kuwa nyuma yangu ni mama. Sasa nitamukana nani, miye ao yeye?"

Jumapili asubuhi, watu wakiwa bado kanisani, toleo la thelathini na moja lilitumwa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ile picha, kubwa. Chini yake maneno machache: Godoro la watu wawili. Kilo kumi na tisa, likiwa limelowa, mizani ya Mama Asma. Kibumba hadi Majengo kwa miguu. Mbebaji: Mhariri. Ushauri: msifanye hivi. Sababu: mama.

Saa nane depo ilijaa. Watu walikalia magunia ya maharage na Mama Asma akawatisha kwamba atakayetoboa gunia atapimwa yeye. Damascène aliingia na godoro kichwani, maana mtuhumiwa lazima aje na kitu chake. Mama Léoncie alimfuata na kiti. Julien alikuwa ameliweka sanduku la buluu juu ya meza, limepanguswa likang'aa, akasoma tangazo lake lote tena, polepole, kwa sauti ya mazishi. Alipofika kwenye mpini wa mswaki mtu akacheka, akajifanya anakohoa.

"Kiongozi anayevunja sheria yake," alimaliza Julien, "anaweza kutuongoza?"

"Toleo mumesoma," akasema Damascène. "Nilibeba, nilipima, niliandika. Hakuna mutu humu amesema kweli alibeba nini siku ile ya mlima. Munaniletea mabegi ya kilo saba Jumamosi, banayapima, banapiga picha. Siku ya kukimbia munabeba nini? Museme. Miye nimesema."

Hemedi akaanza kuchezea funguo za pikipiki.

Aliyesimama wa kwanza ni Tuyisenge, mwalimu, mtu ambaye begi lake la kilo sita na nusu lilikuwa limesifiwa katika matoleo manne. "Suti ya harusi," akasema. "Mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Na hainienei tena." Mwingine akataja redio kubwa. Mama mmoja akataja jogoo wawili ambao walipigana njia nzima. Kisha Mama Asma, mwenye mizani, hakimu wa gramu zote za Goma, akajifuta mikono kwa kitenge.

"Miye nilibeba mawe ya mizani," akasema. "Vyuma vyote. Hadi Sake. Kilo ishirini. Nilisema wasiniibie kilo."

Depo ililipuka. Watu walicheka mpaka gunia moja likapasuka kweli, na hakuna aliyepimwa. Hemedi akainua simu, lakini safari hii aliwapiga picha wote, wakisimama mmoja mmoja kutaja aibu zao, na Tuyisenge akaomba kalamu aziandike, akapendekeza gazeti liwe na ukurasa wa tatu, wa vitu ambavyo watu hubeba kweli, ili mtu anayepanga begi aanze na kile ambacho hatakiacha, ndipo apunguze vingine.

"Na sanduku?" akauliza Julien, sauti imeshuka.

Mama Asma alilibeba kwa mkono mmoja, akaliweka kwenye mizani, akapanga vyuma mpaka vikafika tisa. Kisha akawaambia wanaotaka liingie gazetini wasimame upande wa sanduku, wasiotaka upande wa godoro. Upande wa sanduku alibaki Julien, na kwa muda mfupi mtu mmoja aliyekuwa amesinzia.

Tumtendee haki Julien: alishindwa kwa utaratibu. Alinyoosha koti, akafungua tena karatasi yake, akatangaza kwamba mkutano mkuu umemthibitisha Mhariri kwenye kiti chake, umeanzisha ukurasa mpya, umelirudisha sanduku kwa wenyewe, na kwamba historia ya wepesi katika Kivu imeanza upya leo. "Hata hivyo," akasema akiinua kidole, "swali la Kamati halijajibiwa, na wanachama wana haki ya jibu. Mhariri, mbele ya watu wote hawa: unajuta?"

Hemedi akaweka simu tayari. Damascène alikuwa amelishika godoro kwa pembe mbili.

"Hapana. Leta mukono tugeuze, huku chini haiyakauka."