Vibendera vya Kuliwa vya Ate Bening

Benigna Rabano, ambaye kijiji kizima cha Kaybulak kinamwita Ate Bening, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri, hakuzaliwa na busara. Alizaliwa na vidole. Yeye ni mkandaji. Ukianguka mnazini, ukilala vibaya, ukigombana na mkeo shingo ikakaza, unakwenda kwake, unalala kifudifudi juu ya mkeka, naye anautafuta mshipa mpaka unataja dhambi ulizomficha Padre. Ndiyo maana hakuna anayethubutu kumjibu jeuri. Kila mgongo wa Kaybulak ameushika, na kila mgongo una habari zake.

Mimi naitwa Kulas. Nina duka pale njia panda. Nauza chumvi, sabuni na samaki wa kopo, na kwa miaka mingi niliuza mifuko ya plastiki na vile vibendera vya plastiki tunavyovitunga kwenye kamba na kuvitanda juu ya barabara siku ya San Roque, mtakatifu wetu, tarehe kumi na sita Agosti. Nasema mapema usije ukanidhania msafi. Nyani haoni kundule, lakini mimi la kwangu nililetewa mpaka kaunta.

Ilikuwa hivi. Siku mbili baada ya sikukuu, mvua ilinyesha kutwa nzima. Nyumba ya Ate Bening iko bondeni kabisa, kando ya kijito, karibu na kalvati inayopitisha maji chini ya barabara. Kalvati ikaziba. Maji yakarudi nyuma, yakamwingilia ndani hadi magotini, na bandani yakamkuta nguruwe wake jike, Donya, mwenye mimba, akiwa amefungwa kamba. Donya alikufa maji. Ate Bening hana mume wala mtoto. Alikuwa na Donya, na alikuwa akizungumza naye kuliko alivyozungumza na sisi.

Alilia siku moja. Siku ya pili alichukua upondo wenye ndoana ya chuma, akaizibua kalvati peke yake, akaja dukani kwangu na toroli. Akamwaga kila kitu juu ya kaunta, juu ya mizani na mikate: kamba kwa kamba za vibendera, vimeshiba tope, na mifuko yangu humohumo.

"Kulas," akasema, "mzigo wako umerudi."

"Ate, mimi nauza tu. Sikuwaambia watu wavitupe mtoni."

"Na mimi nakurudishia tu. Sijakwambia uvile."

Mke wangu, ambaye kwa kawaida yuko upande wangu, alicheka mpaka akakaa chini.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, kiuno cha Kapitan kilikaza. Kapitan ndivyo tunavyomwita mwenyekiti wa kijiji. Jina lake Eleuterio Pamintuan, mtu mnene, mpole, anayependa sana kupigwa picha. Mimi ndiye niliyemkokota hadi kwa Ate Bening, kisha nikakaa kizingitini kumsubiri.

"Hapa?" Ate Bening akauliza, kiwiko chake kikiwa kiunoni mwa Kapitan.

"Hapohapo, Ate. Polepole."

"Mwaka huu nataka niwe mama wa sikukuu."

Mama wa sikukuu ndiye anayeamua chakula, muziki, mapambo na njia ya maandamano. Kwa kawaida huchaguliwa mtu mwenye jiko kubwa. Ate Bening ana sufuria mbili, na moja haina mfuniko.

"Hilo tutalijadili kwenye kika... aah, Ate."

"Plastiki hakuna. Sahani ni majani ya mgomba. Wageni wakitaka kubeba chakula cha kupeleka nyumbani, majani ya mgomba. Vibendera, hakuna."

"Sikukuu bila vibendera ni matanga. Watu watasema tumefilisika."

"Nitatundika kitu kizuri kuliko vibendera."

"Ate, tafadhali, hicho kiwiko..."

"Kiwiko kinasubiri jibu."

Alipoinuka alikuwa amekubali. Lakini Kapitan si mjinga kama anavyoonekana kwenye picha zake. Alivaa shati, akafunga vifungo vyote, ndipo akatoa sharti, mimi nikiwa shahidi. Sikukuu ikienda vizuri, plastiki imekwisha Kaybulak. Ikiharibika, vibendera vitarudi mwakani, na Ate Bening hatalitaja tena suala la kijito, wala mkutanoni wala mkekani.

"Hasa mkekani," akasema.

"Sawa," Ate Bening akajibu. Nyuma ya nyumba, Donya wa Pili, aliyemnunua akiwa mdogo kama paka, alikuwa akikoroma bila kujua kwamba maisha yake yametiwa rehani.

Njiani Kapitan akaninong'oneza niweke akiba ya vibendera stoo, kwa ajili ya mwakani. Nikaweka. Nilijua ninamsaliti nani, na niliviweka hivyohivyo.

Hicho kitu kizuri kuliko vibendera kilikuwa kiping. Ni mkate wa unga wa mchele, mwembamba unapitisha mwanga, unaomiminwa juu ya jani bichi, ukatiwa mvuke, ukabanduliwa na umbo la jani lenyewe, mishipa na yote. Tunautia rangi nyekundu, kijani, manjano. Pande zetu watu huutundika madirishani mwezi wa Mei, kushukuru mavuno. Mwezi wa Mei, narudia. Jua kali, tone hakuna. Agosti hapa kwetu ni mvua, tope, na mvua tena.

Kila mtu alimwambia. Mama yangu, ambaye hasikii wala haoni vizuri, alimwambia. Mimi nilimfuata hadi kwake.

"Ate, kiping ni ya Mei."

"Mchele ni uleule."

"Mvua siyo ileile."

"San Roque alipambana na tauni. Atashindwa na manyunyu?"

Tukatengeneza. Nani angekataa? Wenye magoti mabovu, wenye shingo mbovu, wanaume waliowahi kulia juu ya mkeka wake, wote walikoroga unga. Kwa wiki mbili kila nyumba ilinuka mchele. Ili zisijikunje, kiping hubanwa na kitu kizito zinapokauka, basi zikalazwa chini ya magodoro, chini ya masanduku, chini ya mashine za cherehani. Padre Anselmo aliombwa Biblia kubwa ya kanisani. Akakataa, akatoa kamusi.

Na kuna jambo moja ambalo sisi sote, watu tunaolifanya kila mwaka tangu utotoni, hatukulifikiria hata kidogo. Sanamu ya San Roque ina mbwa miguuni, yule aliyemletea mkate alipokuwa mgonjwa porini. Kwa hiyo siku yake kila mtu huja na mbwa wake abarikiwe. Kaybulak ina mbwa wengi kuliko wapiga kura.

Asubuhi ya sikukuu ilitoka njema, tena njema kupita kiasi. Jua lilipenya kwenye kiping, barabara nzima ikawa na madoa mekundu na manjano, na watu wakatembea wakiangalia juu midomo wazi. Wageni wa Bulihan, kijiji jirani, ambao huja kwetu kula na kusengenya, walikula wakasahau kusengenya. Niliona ni pazuri, na nilijisikia vibaya kwa sababu niliona ni pazuri. Ate Bening alipita chini ya kamba zake amevaa gauni la marehemu mama yake, akimwamkia kila mtu kwa jina la ugonjwa wake.

"Hujambo, bega? Kula, kula. Na wewe nyonga, umekonda."

Saa tisa yakaanza manyunyu. Saa kumi kengele ikalia, San Roque akatoka kanisani mabegani mwa wanaume wanane, Padre mbele, Kapitan ubavuni, na nyuma yao kijiji kizima na mbwa wake, wengine wamefungwa utepe shingoni.

Kiping ikilowa hairaruki kwa heshima. Inalegea, inavutika, inaning'inia kama ulimi, halafu inachuruzika rangi. Tone la kwanza la kijani lilimpata Padre kwenye kanzu yake nyeupe. La pili lilimpata Kapitan. Kisha jani zima jekundu likabanduka, likatua juu ya kichwa cha San Roque na kuganda hapo kama kofia ya mpishi.

Mbwa wangu, Kalawang, ndiye aliyeanza. Sitamtetea. Alinusa, akaruka, akanasa kipande kilichoning'inia, akavuta, na kamba nzima ikashuka juu ya bendi ya muziki. Basi. Mbwa wote wakaelewa kwa mara moja kwamba mbingu ni chakula. Walikata kamba, wakapita kati ya miguu ya wabeba sanamu, wakapandana migongoni. Hakuna mbwa aliyeuma mtu. Hawakuwa na nafasi mdomoni. Mpiga tarumbeta alikimbilia kwenye mgomba. Wabeba sanamu wakazunguka mara mbili kama walevi, na kwa kweli wawili walikuwa wamelewa, kisha wakafanikiwa kumtua San Roque kwenye benchi mbele ya duka langu.

"Sikukuu yenu imeliwa," mtu wa Bulihan akapaza sauti. Wenzake wakashikana mabega kwa kucheka.

Padre akaangalia mbwa wake wa kubarikiwa, waliokuwa wakilambana midomo. Akainua mkono.

"Hawa wamekwisha kula," akasema, "sisi tuseme amina."

Ate Bening alisimama katikati ya barabara ameshika ncha ya kamba tupu, rangi nyekundu ikimtiririka kutoka nyweleni. Namjua mwanamke huyu miaka arobaini, na kusimama kule kulinitisha. Kapitan akamsogelea, shati lake la sikukuu lina mistari ya kijani.

"Ate. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana."

"Sio kwamba nafurahi."

"Nyamaza, Kapitan. Nimeshasema tulikubaliana."

Akaikunja ile kamba vizuri, akaenda nyumbani kwake kwa Donya wa Pili. Mimi nilikuwa na vibendera stoo, nilipaswa kufurahi. Roho iliniuma, nikampiga Kalawang kofi dogo ambalo hakulisikia.

Kesho yake tulitoka na mafagio kama kila mwaka. Kwa kawaida tunafagia siku tatu, na kinachotushinda tunakisukumia mtaroni. Safari hii hakukuwa na cha kufagia. Mbwa walikula, alfajiri bata na kuku wakamalizia, na majani ya mgomba yalikwenda kwa mbuzi. Tukasimama na mafagio yetu dakika chache, tukarudi kulala. Tuliona kwa macho yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri.

Siku ya nne ikaja tufani. Mvua ilishuka tangu alfajiri, ile mvua inayokufanya upige kelele ndani ya nyumba yako mwenyewe. Saa tano asubuhi Kapitan akaingia dukani ameloa chepechepe, ana kamba mkononi na wanaume watatu nyuma yake.

"Twende, Kulas. Tukamtoe nguruwe wa Ate kabla hajafa. Huyu akifa naye, mimi kijiji hiki nakihama."

Tulimkuta Ate Bening amesimama juu ya kalvati na upondo wake. Kijito kilikuwa kimejaa, cha kahawia, kinanguruma. Alichovya ndoana, akavuta: kuti la mnazi. Akachovya tena: hakuna kitu. Maji yaliingia upande huu na kutoka upande ule, na ukingo wa kijito ulikuwa bado hatua nne juu ya maji.

"Ate, ondoka hapo," Kapitan akasema.

"Mkitaka kusaidia, kamshikeni Donya. Anaogopa radi."

Kapitan, kwa aibu ya yale aliyomwambia Ate siku ya sikukuu, akaingia bandani mwenyewe, akamkumbatia nguruwe na kumwinua. Nguruwe hakuwa ameombwa ushauri. Alijitupa upande, na tukasikia kiuno cha Kapitan kikilia kama ufito mkavu. Basi nguruwe akabaki, tukambeba Kapitan.

Ndani, Ate Bening alikuwa amevifunga vitu vyote juu darini kusubiri maji: godoro, sufuria mbili, gauni la mama yake, na mkeka. Tukamlaza Kapitan kifudifudi kwenye saruji tupu, shavu chini. Ate Bening akaja, akaegemeza upondo mlangoni, akakamua sketi yake nje, akapiga magoti, akaweka kiwiko.

"Hapa?"

"Hapohapo, Ate."

Alikanda kwanza. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mwaka uliopita, mahali hapohapo, maji yalikuwa magotini.

"Sakafu ikoje, Kapitan?"

Kapitan akafumba macho. "Ate, tulikubaliana hutalitaja suala la kijito."

"Sijataja kijito. Tena leo hakuna mkeka. Nauliza sakafu."

Kiwiko kikazama kidogo.

"Kavu, Ate."

"Sema vizuri. Kulas yuko mlangoni."

"Kavu," Kapitan akasema, shavu lake likiwa juu ya saruji.

Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu mara ya kwanza. Sikusema, kwa sababu nami nilitaka kulisikia tena.