Jicho la Mama Pindo

Walimwita Mama Pindo kwa sababu mtaani hapakuwa na fundi cherehani aliyekunja pindo likanyooka kama lake. Uvimbe ulipomtokea kwenye kona ya jicho la kushoto, hakuujali.

"Wifi, hicho ni chokea tu," alisema dada wa mumewe, ambaye walishona naye chumba kimoja. "Au umechungulia vya watu?"

Wakacheka. Lakini chokea gani hicho kisichopona? Matone ya duka la dawa hayakufua dafu. Uvimbe ulipasuka, ukatoa usaha, ukafunga, ukapasuka tena. Jicho likaanza kusukumwa pembeni, uzi ukawa hauingii sindanoni. Jioni homa ilimpanda, na magauni aliyojishonea mwenyewe yakampwaya.

Daktari wa macho alimpiga picha, akaona mfupa wa tundu la jicho umeanza kulika. Akakata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara.

Majibu yalipotoka, Mama Pindo alikuja juu. "Kifua kikuu? Daktari, mimi hata kukohoa sikohoi!"

"Jina ndilo linatuchanganya, mama. Vijidudu vyake husafiri kwenye damu. Vyako vimepiga kambi kwenye mfupa wa jicho. Mapafu yako ni safi, huambukizi mtu. Ila dawa utameza karibu mwaka mzima, na usiache ukijiona umepona."

Nyumbani, wifi alikitenga pembeni kikombe cha Mama Pindo. Mwenyewe alikiona. Kilimuuma kuliko uvimbe. Mumewe akakichukua kile kikombe, akakinywea chai mbele yao.

"Daktari kasema haambukizi. Au na wewe unaumwa masikio?"

Wifi akaona haya. Kesho yake alimsindikiza kliniki mwenyewe.

Huko walimpima kutambua rangi, maana dawa mojawapo huweza kudhuru macho.

"Nyekundu. Kijani. Mnaniuliza mimi, fundi?"

Muuguzi akacheka. Lakini dawa zilimchafua tumbo, mkojo ukawa rangi ya chungwa, na alipoanza kupata nafuu akataka kuziacha.

"Ng'ombe tumemla mzima, mkia utushinde?" wifi akamwambia, akamtilia maji kwenye glasi.

Usaha ulikauka, jicho likarudi mahali pake. Kope ilibaki na kovu, imevutwa chini kidogo, na upepo ukivuma machozi humtoka. Wateja wengine walihama, hawakurudi.

Siku aliyoambiwa amemaliza dawa, alikaa kwenye benchi nje ya kliniki akalia. Wifi akamshika mkono, wala hakumharakisha.