Flashi ya Kwaya na Video ya Ndiva

Bora niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu: mpaka leo nikiwa Same na njia ikanilazimu kupita mbele ya ule ukumbi, navuka barabara nikapitia upande wa pili, tena najifanya natafuta kitu mfukoni, kwa sababu ndani ya ukumbi ule, mbele ya watu wa kwetu wanaoishi Same na Moshi, niliwahi kusimama na flashi inaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi nikasema "subirini kidogo tu", na hiyo kidogo ikaenda mpaka jua likazama.

Mimi mnanijua, sikai mahali. Nimekata mkonge, nimechuuza samaki wa Ziwa Jipe, nimelima mpunga Ndungu, na kila nikichoka narudi nyumbani mlimani, kupita Bombo, nakuta watu wamezidi kupungua. Mwaka ule nilirudi nikamkuta shangazi Nakijwa anahangaika na maji. Ndiva yetu, lile bwawa la udongo linalokinga maji ya mfereji usiku ili asubuhi tugawane kwa zamu, ilikuwa imepasuka ukuta, na shamba la shangazi liko mwisho kabisa wa mfereji, kwa hiyo zamu yake ikifika anapokea tope. Kijiji kikaitana msaragambo, kazi ya wote, wakaziba ufa kwa mawe na udongo, lakini kila mtu alijua kwamba bila saruji mvua za vuli zitaubomoa tena na shangazi hatavuna kitu. Ikaamuliwa wana wa kijiji walioko mjini waitwe mkutanoni Same, waombwe saruji. Ndipo mimi (sijui nani alinituma) nikasema watu wa mjini hawatoi kwa kuambiwa, hao mpaka waone kwa macho, niacheni niwapigie video. Na anayepiga video hashiki jembe, hilo nalo nililifikiria.

Kamera niliazima kwa mpiga picha wa harusi, video ikahifadhiwa kwenye kompyuta ya Mama Eunike, mwenye stesheneri karibu na stendi ya Same, na Ijumaa alasiri, mkutano ukiwa kesho yake, nikaenda kuichukua. Flashi nayo ilikuwa ya kuazima, ya Mwalimu Elibariki wa kwaya yetu.

"Mapigo ya kwaya, muziki wote tunaoimbia, yamo humo humo," alikuwa ameniambia, "na kesho ndiyo tunafungulia mkutano. Uitunze kama jicho lako."

Nikaichomeka, nikakopi, kompyuta ikagoma ikasema faili ni kubwa mno. Flashi ilikuwa na nafasi kubwa kuliko video yenyewe, sasa kubwa kwa nini? Nikasema labda inabanwa na mapigo ya kwaya, nikayahamishia kwenye kompyuta, nitayarudisha baadaye. Ikagoma. Nikaichomoa, nikaipuliza, nikaifuta kwa shati, nikaichomeka tundu la nyuma, ikagoma vile vile. (Sisi tuliosoma sekondari enzi za kupanga foleni ya sabuni, redio ikikorofisha tulikuwa tunaipiga kofi, na nusura niipige kofi kompyuta ya watu.)

Muda wote huo Mama Eunike alikuwa akichungulia jua dirishani, maana yeye ni Msabato, na Ijumaa jua likianza kuinama anafunga duka hata aje nani. Mwishowe akavuta kiti.

"Kaka, flashi yako imefomatiwa kwa mfumo wa zamani. Haipokei faili moja linalozidi gigabaiti nne, hata nafasi ikiwepo. Ama tuikate hiyo video vipande viwili, ila itachukua muda, ama tuifomati flashi upya kwa mfumo mwingine. Hiyo ni haraka, lakini deki nyingi haziusomi. Huko unakokwenda kuna kompyuta au deki?"

Sikuwahi kuingia ukumbi ule. Sikujua kuna nini. Mtu mwenye akili yake angesema sijui.

"Kuna kila kitu," nikamjibu.

Akaifomati, video ikaingia bila ubishi, akafunga duka, nami nikatoka natembea kifua mbele kama niliyetengeneza kompyuta kwa mikono yangu. Mapigo ya kwaya yakabaki dukani.

Jumamosi ukumbi umejaa. Shangazi kavaa kitenge cha Jumapili, kashuka mlimani na gari la alfajiri, kakaa kiti cha mbele kabisa. Na pale mezani, jamani, pana tivii na deki. Kwaya ikasimama, Elibariki akainua mkono, nikachomeka flashi, kioo kikabaki cheusi. Akaushusha mkono, akauinua tena. Cheusi.

"Ndugu yangu," akaninong'oneza huku akiwatabasamia watu, "mapigo yako wapi?"

"Yapo."

"Yapo wapi?"

"Dukani."

Wakaimba hivyo hivyo, sauti ya kwanza huku na ya pili kule, watu wakapiga makofi ya huruma. Nikaitwa kuonyesha video. Nikabonyeza vitufe vyote vya deki, nikaizima, nikaiwasha, kijasho kikanitoka, mtu wa nyuma akauliza kama ndiva yenyewe nayo ni nyeusi namna hiyo. Ndipo nikasema ile subirini kidogo tu, nikatoka mbio. Dukani kufuli. Jumamosi, Sabato.

Nikaenda kanisani kwao, nikanyata niketi nyuma, lakini mzee wa kanisa akanishika mkono kwa upole akanipeleka mbele, na punde nikasikia, "Leo tuna mgeni, tunamwomba asimame atusalimu." Nikasimama, flashi inaning'inia, nikasema nimetokea mlimani, nimefurahi kuwa nao. Wakaitikia amina. Mama Eunike alikuwa amefunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yanatikisika.

Ibada ilipokwisha akaniambia, "Kaka, leo sifungui. Jua likizama nitakuja mwenyewe na kompyuta."

Niliporudi na jibu hilo, waliotoka Moshi wakaanza kukusanya mikoba yao. Mwenyekiti akasema tuahirishe, labda mwakani. Shangazi akabeba kiti chake, akakiweka katikati ya mlango, akaketi.

"Mama, tupishe, tutakosa gari," mmoja akamwambia.

"Mimi nimekosa maji miaka mitatu," akasema shangazi. "Kaeni."

Wakakaa. Yakaletwa makande, wakala, wakabishana kuhusu zamu za maji tangu za babu zao, na kila aliyemaliza kubishana alinigeukia kuniuliza flashi yangu inaendeleaje. Magharibi Mama Eunike akafika na kompyuta yake juu ya mkokoteni. Na video ilikuwa mle mle ndani ya kompyuta, flashi haikuhitajika hata kidogo.

Watu wakajisogeza. Kioo kikawaka, ikaonekana ndiva, ukaonekana ufa, wakaonekana watu wanabeba mawe, na kadiri picha zilivyopita ikadhihirika kwamba wote waliobeba mawe walikuwa wazee. Hakuna kijana hata mmoja. Yule aliyeuliza kuhusu weusi wa ndiva akasimama, akasogea mpaka karibu na kioo.

"Yule mwenye karai ni mama," akasema. "Aliniambia wanachimba vijana."

"Vijana gani?" shangazi akamuuliza. "Vijana ni nyie."

Basi hapo hapo akaahidi saruji, mwingine akatoa lori, mwingine fundi, na kabla hatujatawanyika wakapanga siku ya kupanda wote mlimani kwa msaragambo, na jina langu likaandikwa la kwanza bila mimi kuulizwa. Ndiva ilijengwa kabla ya vuli.

Tangu hapo nimeapa: nikiombwa kuhamisha faili lolote, la harusi au la msiba, kwanza naenda kuiona kwa macho yangu mashine itakayolifungua, na mtu akiniuliza kitu nisichokijua nasema sijui, kwa sauti, asikie hata wa nyuma. Elibariki mapigo yake nilimrudishia yote. Flashi haniazimi tena, nami sijamwomba.