Lieji ya Chumba cha Baridi

Tulipooana, mume wangu alikuwa seremala asiye na mbao. Mbao nzuri zilikwenda kwa wakubwa wa kampuni ya shaba, na sisi wa mtaa wa Katuba tulibaki na za masanduku. Ndipo aliposikia kwamba bucherie moja, duka la nyama la mjini, inavunjwa. Mwenye duka, mgeni, aliondoka serikali ilipotwaa maduka ya wageni. Akereri, yaani mtu aliyepewa duka lile, aliliendesha mpaka nyama ikaisha na mashine zikafa. Sasa alikuwa akiuza hata kuta.

Kuta za chumba cha baridi zilikuwa za lieji, lile gome jepesi linalotengenezewa vizibo vya chupa za mvinyo. Yalikuwa mabamba mapana, manene, upande mmoja yamepakwa lami. Mume wangu aliyaleta kwa mkokoteni huku anacheka.

"Bibi yangu, hii iko mali," aliniambia. "Maji haiingie, moto haipite."

Alikata kwa msumeno mwembamba, mimi nikasugua kwa msasa na kupaka vanishi. Tulitengeneza sinia za kubebea glasi, fremu za picha, vikalio vya sufuria za moto, na mikoba midogo niliyoishonea kitenge kwa ndani. Wake za walimu wa kigeni walivipenda sana. Unga wa lieji uliingia kwenye nywele, ukaingia hata kwenye bukari, ugali wetu wa kila siku. Na kila nilipolisugua gome, ilitoka harufu nyingine chini ya harufu yake, harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyolala kwenye baridi miaka mingi. Nilijizoesha.

Asubuhi moja nilivuta bamba lililotoka karibu na mlango wa chumba kile. Lilikatwa kona kupisha bawaba. Nikaona mistari. Haikuwa nyufa. Minne upande wa kulia, mitatu upande wa kushoto, ilishuka pamoja kutoka usawa wa kifua, ikawa ya kina zaidi kadiri ilivyokwenda chini. Niliweka vidole vyangu. Viliingia.

"Iko panya," mume wangu alisema.

"Panya iko na mukono?"

Alichukua msasa, akashika bamba, kisha akauweka msasa chini bila kusugua.

Nilimwendea jirani yetu, mzee aliyewahi kukata nyama katika bucherie ile. Nilipomweleza, alivua kofia.

"Ni ule mwenye kubeba nyama," alisema. "Mutu wa Mitwaba. Balifunga mulango siku ya Jumamosi, habakujua kama eko ndani. Kitasa ya ndani ilivunjika zamani. Jumatatu njo balimukuta."

"Na bibi yake?"

"Balimuambia moyo ilisimama. Akereri alituambia, mwenye atafungua kinywa, kazi yake imeisha."

Kuanzia siku hiyo kazi ilinishinda. Mchana kweupe, wanafunzi wakipita njiani na nyimbo za chama, nilisikia kukwaruza chini ya msasa wangu. Nilikuwa nikisimamisha mkono ili nijue kama ni mimi. Sauti iliendelea kidogo baada ya mkono kusimama. Sikumwambia mume wangu, lakini nilimwona naye akiacha msumeno katikati na kugeuza kichwa. Alitaka tulichome lile bamba. Nikakataa, niliona kama kumfungia mtu mara ya pili.

Kisha mjane akaja mwenyewe. Mzee alikuwa ameshindwa kuendelea kunyamaza. Nilimfahamu yule mama kwa sura tu, alikuwa akiuza makala, yaani makaa ya kupikia, sokoni. Alikataa kiti.

"Munionyeshe."

Mume wangu aliegemeza bamba ukutani. Mama akapiga magoti, akatia vidole vya mkono wa kulia kwenye ile mistari minne. Upande wa kushoto alikunja kidole kimoja, akatia vitatu.

"Hii kidole shoka ilimukataka ku mugini," alisema. "Hii njo yeye."

Hakulia. Alikaa hivyo, mikono yake ndani ya mikono ya mumewe.

"Kumbe alikuwa bado muzima," alisema.

Mume wangu akasema, "Mama, utusamehe. Tulinunua tu."

"Siyo kosa yenu. Lakini musiikate ile. Mama yake eko Mitwaba, hakuonaka mwili. Nitamupelekea hii."

"Utamuambia kweli yote?" nikamwuliza.

"Yote. Miye balinidanganya, inatosha."

Mume wangu alikata kuizunguka mistari, bila kuigusa. Akakitia kile kipande kwenye fremu ya mninga, mbao alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kitanda chetu, akaifanyia kifuniko. Hakupaka vanishi. Nilishona mfuko wa kitenge kipya. Siku ya safari tulimsindikiza yule mjane mpaka kwenye lori. Alipanda juu ya magunia ya chumvi, akaomba apewe mzigo wake kabla ya maji ya kunywa, akaupakata.

Mabamba yaliyobaki mume wangu aliyamaliza peke yake. Mimi nilirudi kwenye cherehani.

Mvua zilipoanza, dereva wa lori lile alikuja kutusalimu. Alisema lile gome lilizikwa nyuma ya nyumba ya mama mkwe, watu wakalala nje kwenye matanga kama kwa mwili mzima, na mjane ameamua kubaki kule.

"Alisema nini juu ya akereri?" mume wangu aliuliza.

"Hakuna. Aliuliza tu kama makala yake iko na mutu wa kuichunga."

Nilikwenda sokoni siku ileile. Magunia yake yalikuwa pale pale, yamelowa, na wachuuzi wengine walikuwa wameacha nafasi kuyazunguka. Hakuna aliyekuwa ametia mkono. Nilifungua gunia moja, nikayaanika makala juani, nikakaa kwenye nafasi yake kungoja wanunuzi ili dereva ampelekee mjane pesa zake.