Kaburi la Mgono

Katika siku zote za usichana wangu, mwanangu, naikumbuka moja kuliko nyingine: siku tuliyomzika baba yangu, na baba yangu hakuwemo kaburini. Kilikuwa kiangazi, upepo unapeperusha vumbi kutoka mbugani, nami nimefunga kitambaa kichwani nikilia kama walivyolia wengine. Keti basi. Umeingia humu ndani, umenipa shikamoo yako vizuri, halafu macho yako yakaenda moja kwa moja ukutani, kwenye mgono wa kaka yako Simoni, mtego wake wa samaki. Najua mlichoamua huko kwenu. Nitakujibu, lakini kwanza utanisikiliza mimi shangazi yako, na uji upo, huna sababu ya kukimbia.

Enzi za Mjerumani bwawa letu hapa Bahi lilikuwa na tabia ile ile unayoijua. Mvua zikiwa haba, ni matope na nyayo za ng'ombe. Zikiwa nyingi, maji yanatanda mpaka huoni ng'ambo, na wanaume waliokuwa wakichunga na kulima uwele wanageuka wavuvi. Watu wa Dodoma walitucheka, wakisema hata tukiungama tunanuka kambare. Kambare wenyewe walikuja kuwatafuta kwetu, hilo hawakulisema.

Kanisa letu la kigango lilikuwa tembe kama nyumba zetu, ila lilikuwa na msalaba juu ya paa la udongo, na kengele yake ilikuwa kipande cha chuma kilichosalia walipojenga reli. Padre alikuja mara chache kutoka misheni. Siku nyingine zote tuliongozwa na katekista Stefano, mtu mpole aliyesali polepole sana. Maji yakijaa, hakuna aliyetega kabla migono yote haijaletwa mbele ya altare kubarikiwa. Kila mwanamume alisuka mgono wake kwa fito na kamba zake, na mgono ulimtambulisha mwenyewe. Wa baba yangu, Petro, ulikuwa na mdomo mpana kupita kiasi, na mama alimtania kwamba anawawekea samaki mlango wa kutokea. Samaki wa kwanza walipelekwa kwa wajane na wagonjwa, na hakuna aliyenung'unika.

Halafu kulikuwa na desturi hii iliyokuleta leo. Mtu akipotelea majini na mwili usionekane, tulingoja maji yapungue. Yakipungua na bado hajapatikana, mgono wake ulizikwa makaburini mahali pa mwili, kwa sala zote za maziko, na msalaba ukawekwa. Kuanzia hapo jina lake lilitajwa kila Novemba pamoja na marehemu wetu, na mkewe akawa mjane anayeweza kuolewa tena. Siisemi vibaya desturi hiyo. Mtu anahitaji mahali pa kwenda kulia.

Vita vya Mjerumani na Mwingereza vilipoanza, askari wakawa wanapita vijijini kuchukua ng'ombe, nafaka na watu wa kubeba mizigo. Masika yaliyofuata maji yalikuwa mengi. Asubuhi moja baba alichukua upondo wake wa kusukumia mtumbwi akaenda kutazama mitego yake upande wa ng'ambo. Jioni hakurudi. Kesho yake mdogo wake, baba mdogo Yakobo, aliukuta mtumbwi umenasa katika matete, mgono umo ndani, na upondo haupo. Wanaume walizamia siku kadhaa. Mama alikaa ukingoni na kumwita baba kwa jina, mpaka sauti ikamkauka.

Mchunga ng'ombe mmoja wa ng'ambo akaleta maneno. Alisema asubuhi ile askari walipita ukingoni, na alisikia kelele za watu wanaokamatwa. Hakuona nani, maana yeye mwenyewe alijificha. Bibi yangu, mama yake baba, aliposikia hayo alisimama akamwambia Yakobo, "Nenda bomani Dodoma ukaulize."

Yakobo alitazama chini. Unajua kwa nini? Aliyekwenda bomani kuuliza habari za ndugu yake aliweza kutwishwa mzigo yeye mwenyewe, na kila mtu alijua hivyo. Basi wakasema mchungaji ni mwongo. Wakasema kelele zilikuwa za ndege wa majini. Stefano katekista alisema tumwombe Padre atusaidie, lakini Padre alikuwa mbali, na alipofika swali lenyewe halikuulizwa tena. Bibi alitaka kwenda kwa miguu yake. Miguu yenyewe ilikuwa imevimba, hakufika hata kwenye reli.

Maji yakapungua. Tulitembea kwenye matope yote tukitafuta, hatukupata hata kipande cha nguo. Ndipo wazee wakaamua mgono uzikwe. Mama alikubali. Alikuwa na mimi na wadogo zangu, ghala lilikuwa tupu, na nyumba isiyo na mwanamume ndiyo askari walianza nayo walipotaka chakula.

Siku yenyewe walibeba mgono wa baba kwa machela, umefunikwa shuka nyeupe. Ulikuwa mwepesi mno, wabebaji hawakujua waharakishe au waende polepole. Stefano alisoma sala. Walipotaka kuuteremsha shimoni, bibi akafika akijikokota na fimbo yake. Hakulia. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, na kila mtu alimsikia.

"Katekista, unamzika mwanangu kwa sababu gani?"

"Mama, maji hayakumrudisha."

"Maji mliyauliza. Bomani je, nani aliuliza?"

Stefano alifunga kitabu chake cha sala.

"Basi semeni ukweli mbele ya msalaba," bibi akasema. "Hammziki Petro kwa kuwa amekufa. Mnamzika ili msiende kumtafuta."

Nilikuwa msichana mkubwa, najua aibu ni nini, nikawaona wanaume wazima wakiangalia miguu yao. Lakini shimo lilikuwa limeshachimbwa na maji ya baraka yapo kikoponi. Wakauzika. Bibi alirudi nyumbani kabla udongo haujajaa, na jioni ile alipakua ugali na mlenda katika bakuli la baba, akaufunika, akauweka pembeni. Alifanya hivyo kila jioni. Mama alimwambia asiharibu chakula wakati wa njaa. Bibi akamjibu kwamba hicho ni chakula chake yeye, amempa mwanawe. Na kweli, yeye mwenyewe alilala njaa kwa sababu hiyo.

Baada ya muda mama aliolewa na Yakobo. Padre aliwafungisha ndoa kanisani, kwa kuwa Stefano alimwonyesha msalaba wenye jina la Petro. Usimwone mama yangu mbaya. Alilia usiku wa kuamkia harusi, nami nililala karibu naye. Yakobo naye alitutunza. Alikuwa mtu mwema aliyeogopa, na watu wa namna hiyo ni wengi, mwanangu, wengine nakaa nao meza moja.

Mvua zilipoanza tena, baba akarudi.

Wanawake waliokuwa kisimani walimwona anakuja kwa njia ya reli, amekonda, bega moja limeshuka na kuoza kwa mizigo mpaka askari wakamwacha. Walitupa vibuyu wakakimbia, wakifanya ishara ya msalaba. Walipita mbele ya nyumba yetu wakipiga kelele kwamba Petro ametoka kaburini. Bibi peke yake ndiye hakushtuka. Alitoka nje, akampokea kwa mkono, akamkalisha, akamfunulia lile bakuli. Baba akala mpaka akamaliza bila kuinua macho. Alipoyainua alimwona mama amesimama mlangoni, na tumbo lake limeanza kuonekana, na Yakobo nyuma yake.

Nilidhani atapiga mtu. Baba alikuwa na hasira za haraka zamani. Lakini alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza jambo moja tu.

"Nani alikuja bomani kuniulizia?"

Nilisikia mvua ikianguka juu ya paa, na nilitamani mtu aseme uongo.

"Nilikaa pale Dodoma muda mrefu kabla hawajatupeleka vitani na mizigo yao," akasema. "Nilikuwa nabeba mawe uani. Mwenzangu wa Kigwe alifuatwa na baba yake pamoja na Padre wao, akaachiwa. Mimi kila lango likifunguliwa nilitazama." Akamgeukia Yakobo. "Nilikutazamia wewe, mdogo wangu."

Yakobo akapiga magoti palepale kwenye tope. Baba hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Padre aliitwa. Alisema ndoa ya Petro haijafa kwa kuwa Petro yu hai, hivyo mama arudi kwa mumewe, na ile nyingine ni kama haikuwepo. Maneno yalikuwa sawa, lakini tumbo lilikuwepo. Yakobo alihamia kwa wajomba zake, hakuja tena Misa kwetu. Mama alirudi katika nyumba ya baba, wakaishi kwa adabu, wakiongea habari za mbuzi na za mvua. Sikuwasikia tena wakitaniana.

Na watu, mwanangu. Watu walimpa mkono baba, halafu wakaufuta kwenye nguo. Hakuna aliyetaka kupanda naye mtumbwi, kwa sababu alikwisha kuzikwa kwa sala za Kanisa, na kwetu kilichozikwa kwa maji ya baraka hakifukuliwi. Siku ya kubariki migono alikuja kanisani mikono mitupu. Stefano alimwambia asuke mwingine. Baba akasema, "Wangu mnao nyinyi." Hakuvua tena. Wakati mwingine nilimkuta makaburini amekaa kando ya msalaba wenye jina lake, nami nilikaa naye.

Mtoto alipozaliwa, Mjerumani alikuwa amekwishaondoka Dodoma. Baba wakati huo hainuki kitandani, kidonda cha begani kimemla mpaka kifuani. Mama aliogopa kumpelekea mtoto. Bibi ndiye aliyemchukua, akamweka juu ya kifua cha baba upande usiouma. Baba alimtazama sana. Akasema, "Huyu hakuniacha bomani. Mwiteni Petro." Alifariki kabla ya mavuno, na tukamzika pembeni ya mgono wake. Ndiyo maana nikienda makaburini siku ya Marehemu nawasha mishumaa miwili, na wewe tangu utoto ulidhani shangazi yako amezeeka hawezi kuhesabu.

Mtoto yule ndiye baba yako. Jina unaloitwa nalo, mwana wa Petro, ulipewa na mtu ambaye ukoo wako ulimzika akiwa hai.

Sasa tuongee habari za Simoni. Alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, na tangu mavuno ya mwaka juzi hakuna habari. Mnasema amekufa maji kule mtoni, kwa kuwa mtu fulani alisikia kwa mtu fulani. Umekuja kuchukua mgono wake mkauzike, Katekista asome sala, shemeji yako awe huru, na shamba ligawanywe. Nakuuliza swali alilouliza bibi yangu. Nani amekwenda kuuliza? Mwenyewe hukwenda. Unaogopa kumkuta jela. Unaogopa kumkuta na mke mwingine, au mgonjwa, akakutegemea wewe umrudishe nyumbani na kumlisha. Naelewa. Yakobo naye nilimwelewa, na nilimpenda. Lakini hofu yake ilimgharimu baba yangu maisha, ikamnyang'anya mama yangu kicheko, na yeye mwenyewe ikamtoa kanisani mpaka kufa.

Basi nasaha yangu ni hii, uiweke moyoni. Usimzike mtu kwa sababu umechoka kumngoja. Usiseme amekufa mpaka umekwenda mahali pale unapopaogopa, ukauliza kwa jina lake, na jina la baba yake. Kama ni jela, kaulize jela. Kama ni hospitali, pita kitanda kwa kitanda. Ukimkuta kaburini, rudi uniambie, nami nitautoa mgono huu ukutani kwa mikono yangu na kuubeba mwenyewe, tutamlilia kwa haki. Ukimkuta hai, hata kama ni hai kwa namna usiyoipenda, mwambie tu kwamba ulikuja. Mtu anaweza kuvumilia mengi akijua kuna aliyekuja langoni.

Treni inapita kesho asubuhi. Nimekufungia unga wa uwele na kambare wakavu, ule njiani, na wengine umpe yeye. Mungu aliyemrudisha Petro akutangulie kila mlango utakaobisha. Akupe miguu aliyoikosa bibi yangu, na moyo aliokosa baba mdogo, na nyumba yako isiwe na kaburi la mtu anayetembea.

Mgono uache palepale ulipo. Leo jioni nitampakulia Simoni chakula.